Je, rais wangu ni Nero? Jibu kwa mwalimu anayeandaa mdahalo

Swali: "Mimi ni mwalimu wa Historia, nafundisha kidato cha tano na cha sita. Wanafunzi wangu wamechagua mada ya mdahalo wa kufunga muhula: 'Viongozi wa leo ni makaisari wa Roma waliovaa suti.' Nikitafuta mtandaoni napata orodha tu: huyu ni Nero, yule ni Caligula, yule mwingine Augustus. Nimesoma kwamba Nero alipiga fidla Roma ikiteketea, na kwamba Caligula alimpa farasi wake cheo serikalini. Na mimi mwenyewe nina rais mmoja kichwani ambaye kila nikimtazama namwona Nero mtupu. Mwalimu mwenzangu anasema kulinganisha watu waliopishana miaka elfu mbili ni kuwapotezea watoto muda. Nani kati yetu ana haki? Na niwaongozeje vijana hawa, nianzie wapi, ili wasiishie kutukana watu?"

Mwalimu, asante kwa swali hili. Naona ndani yake yamo maswali mawili. Moja ni la kitaaluma: je, inafaa kuwapima watawala wa sasa kwa watawala wa Roma ya kale? La pili ndilo nadhani linakunyima usingizi: unaogopa kipindi cha historia kigeuke uwanja wa matusi, na papo hapo hutaki kuwaziba midomo vijana waliojichagulia wenyewe mada ngumu. Hofu hiyo ni ya mwalimu anayewajali wanafunzi wake, nami nitajitahidi kuijibu yote.

Kwa ufupi, mwenzako ana haki mnapozungumzia tabia za watu. Wewe una haki ukiziacha tabia kando na kutazama madaraka yanavyofanya kazi. Kusema "rais fulani ni Nero" hakutufundishi lolote kuhusu rais huyo, na kuhusu Nero pia hakutufundishi, maana Nero anayetajwa hapo ni wa hadithi. Lakini ukiuliza Augustus, Kaisari wa kwanza, alikusanyaje mamlaka yote bila kuifuta Seneti, baraza la wakubwa wa Roma, au kwa nini makaisari waliwaogopa walinzi wao wenyewe, hapo umepata maswali ambayo ukiyaleta katika karne yetu yanakufumbua macho.

Nianze na Nero, kwa kuwa ndiye anayetajwa kuliko wote.

Fidla haikuwepo. Chombo hicho kilianza kutengenezwa Italia katika karne ya 16, miaka kama 1,500 baada ya Nero kufa. Alichopiga Nero ni kinubi, na alipenda mno kuimba jukwaani, jambo ambalo wakubwa wa Roma waliliona la aibu kwa mtu wa cheo chake. Moto wenyewe ulianza usiku mmoja wa Julai, mwaka 64 BK, kwenye maduka yaliyopakana na Circus Maximus, uwanja wa mashindano ya magari ya farasi. Ukapata upepo na bidhaa za kuwaka. Mwanahistoria Tacitus anaandika kwamba kati ya wilaya 14 za mji, 3 ziliteketea kabisa, 7 zikabaki magofu, na 4 tu ndizo zilizosalimika. Nero hakuwa mjini. Alikuwa Antium, kwenye pwani. Aliporudi alifungua bustani zake na majengo ya umma ili waliounguliwa wapate pa kulala, akaagiza chakula kutoka bandari ya Ostia na miji ya jirani, akashusha bei ya nafaka. Katika ujenzi mpya aliamuru barabara ziwe pana, nyumba zisizidi kimo fulani, na sehemu za majengo zijengwe kwa mawe badala ya mbao.

Sasa ile habari ya kuimba imetoka wapi? Tacitus, aliyekuwa mtoto mdogo wakati wa moto, anaitaja kama uvumi uliokuwa ukizunguka mjini: eti Nero aliimba kuhusu kuanguka kwa Troya mji ukiungua. Kuhusu aliyewasha moto, anasema wazi kwamba haijulikani kama ilikuwa ajali au hila ya mtawala. Suetonius, aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya moto, hasemi tena kwamba ni uvumi. Kwake Nero ndiye aliyeagiza mji uchomwe, akautazama kutoka kwenye mnara akiwa amevaa mavazi ya jukwaani. Cassius Dio, aliyezaliwa karne nzima baada ya moto, anamweka juu ya paa la kasri akiwa na vazi la mpiga kinubi. Waandikie vijana maelezo haya matatu ubaoni kwa mfuatano wa miaka, kisha nyamaza kidogo. Wataona wenyewe uvumi unavyonenepa kila unapopokewa na mtu mwingine, na watakumbuka ujumbe waliotumiwa kwenye simu juzi.

Sisemi kwamba Nero alikuwa mtu mwema aliyesingiziwa. Mwaka 59 aliamuru mama yake mzazi, Agrippina, auawe. Baada ya moto aliwatwika lawama Wakristo wa Roma na kuwaua kwa mateso ambayo hata Tacitus, ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, anasema yaliwafanya watu waone huruma. Na kwenye ardhi iliyoungua akajijengea kasri kubwa lenye ziwa la kupendeza macho. Wanafunzi wako waliosoma Matendo ya Mitume wamekwisha kukutana naye bila kumjua: Paulo alipokata rufani kwa Kaisari mbele ya Festo, Kaisari aliyekuwa madarakani ni Nero.

Caligula na farasi wake sitawakalia muda mrefu. Suetonius anasema tu kwamba ilisemekana alikusudia kumfanya farasi huyo, Incitatus, kuwa konsuli, yaani mmoja wa viongozi wakuu wa serikali. Farasi hakupata cheo. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba Caligula alikuwa akiwadhalilisha maseneta, kwamba cheo wanachokitolea jasho yeye angeweza kumpa hata mnyama, na mimi naona maelezo hayo yana mantiki kuliko ya wazimu. Lipo pia kosa ambalo halimo kwenye swali lako ila litajitokeza siku ya mdahalo, kwa kuwa wengi wetu tulimjua Julius Caesar kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare: Caesar hakuwa mmoja wa makaisari tunaowazungumzia. Alikuwa dikteta wa kudumu katika jamhuri iliyokuwa ikivunjika, akauawa tarehe 15 Machi mwaka 44 KK. Utawala wa makaisari ulianza na mrithi wake, Augustus.

Kwa nini makaisari "wabaya" wanaonekana wabaya mno kiasi hiki? Tacitus na Dio walikuwa maseneta, watu wa tabaka lililopoteza madaraka na mara nyingine maisha mikononi mwa makaisari. Suetonius alikuwa karani kwenye ofisi ya mtawala wa ukoo mwingine. Nero alipojiua mwaka 68, ukoo wake ulikwisha, na watawala waliofuata walihitaji aonekane mbaya ili wao waonekane wema. Vespasian, mmoja wa watawala hao, alilikausha lile ziwa la kasri na mahali pake akaanzisha ujenzi wa ukumbi wa maonyesho kwa ajili ya umma, ambao leo tunauita Colosseum. Hata hivyo Suetonius huyohuyo anakiri kwamba wapo waliopamba kaburi la Nero kwa maua kwa muda mrefu, na upande wa mashariki wa dola walitokea watu waliojidai kuwa ni Nero na wakapata wafuasi. Kwa hiyo unapomlinganisha rais wa leo na Nero, unamweka mtu ambaye hotuba zake zimerekodiwa, bajeti zake zimechapishwa na hesabu zake zimekaguliwa, kando ya mtu tunayemjua zaidi kwa maneno ya waliomchukia.

Tukitoka kwenye tabia, mtu wa kuanza naye ni Augustus. Ndiye asiyetukanwa na mtu, na kwa maoni yangu ndiye anayestahili kuchunguzwa kwa makini kuliko wote.

Mwanzo wake ulikuwa wa damu. Mwaka 43 KK, akiwa kijana wa miaka 20, yeye na wenzake wawili walibandika orodha za watu wa kuuawa. Cicero, msemaji mkubwa kuliko wote wa Roma, alikuwa mmoja wa walioorodheshwa. Kichwa chake na mikono yake vilitundikwa kwenye jukwaa la hotuba ambalo ndilo lililompa jina. Mwaka 31 KK Augustus aliwashinda Antony na Cleopatra huko Actium, na tangu hapo hakubaki mshindani. Januari mwaka 27 KK akasimama mbele ya Seneti akasema anarudisha kila kitu kwa jamhuri. Maseneta wakamsihi asiwaache. Akakubali kusimamia majimbo kadhaa kwa miaka 10 tu, na yalikuwa ndiyo majimbo yenye sehemu kubwa ya jeshi. Miaka mitano baadaye watu walipomlazimisha awe dikteta, alipiga magoti, akalishusha joho lake begani, akawaomba wasimpe.

Alichofanya mwaka 23 KK ndicho ningependa vijana wako wakitafune. Aliachia ukonsuli, cheo cha juu kabisa, ambacho alikuwa amekishika mwaka baada ya mwaka. Maseneta wakafurahi kwamba nafasi imerudi kwao. Lakini alibaki na madaraka ya tribuni, ofisa wa kutetea raia wa kawaida, yaani kuitisha Seneti, kupeleka miswada na kuzuia uamuzi wa ofisa yeyote, ingawa hakuwahi kuwa tribuni, na akapewa amri ya kijeshi iliyo juu ya magavana wote. Mamlaka yalitenganishwa na ofisi, yakamfuata mtu. Katika maelezo ya maisha yake aliyoyaacha yachongwe, anasema aliwazidi wote kwa heshima lakini hakuwa na mamlaka zaidi ya wenzake katika kila cheo. Sentensi hiyo, ukiipima neno kwa neno, karibu ni ya kweli. Ndiyo maana inatisha.

Sasa tazama Urusi. Mwaka 2008 Vladimir Putin alimaliza mihula miwili mfululizo, kikomo kilichowekwa na katiba. Dmitry Medvedev akawa rais, Putin akawa waziri mkuu. Mwaka 2012 akarudi kwenye urais, na mwaka 2020 katiba ikarekebishwa hivi kwamba hesabu ya mihula yake ikaanza upya. Hapa kulinganisha kunazaa swali zuri: ofisi inapohamia kwa mtu mwingine, je, maamuzi nayo yanahama au yanabaki na aliyeondoka? Lakini uwe mwaminifu kwa upande wa pili pia. Augustus hakuhitaji kugusa katiba iliyoandikwa, kwa kuwa haikuwepo, wala hakuomba kura za mamilioni. Anayelazimika kurekebisha maandishi anakiri kwamba maandishi yana uzito, hata kama ni mdogo kuliko tunavyotamani.

Augustus aliacha tatizo moja ambalo Roma haikulitatua kamwe. Hakuweka sheria ya kurithishana madaraka, na hakuweza kuiweka, maana angekiri hadharani kwamba huu ni ufalme. Basi kila Kaisari alipokufa, walioshika upanga ndio waliokuwa na neno. Mwaka 41 maofisa wa kikosi cha walinzi walimuua Caligula. Askari mmoja akamkuta ami yake Claudius amejificha nyuma ya pazia, wakamtangaza Kaisari, naye kwa hesabu ya Suetonius akamwahidi kila askari sarafu za Kirumi, sesterti 15,000. Mwaka 193 mambo yalifika pabaya zaidi. Walinzi walimuua Pertinax, aliyetawala chini ya miezi mitatu na kujaribu kuwarudisha kwenye nidhamu, halafu wakaunadi utawala kutoka kwenye ukuta wa kambi yao. Didius Julianus akashinda mnada kwa sesterti 25,000 kwa kila askari. Alidumu siku 66. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikuja na majeshi ya mto Danube, akawaita walinzi wale nje ya mji bila silaha, akawazingira, akawavunja na kuwafukuza Roma. Kisha akaunda kikosi kipya kwa askari wake mwenyewe. Alipokuwa akifa mwaka 211 aliwaachia wanawe maneno ambayo Dio ameyahifadhi: pataneni, watajirisheni askari, wengine wote wadharauni.

Kuna tukio la kwetu linalofaa kuwekwa kando ya hilo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Katika siku chache maasi kama hayo yakatokea Uganda na Kenya. Serikali ililazimika kuomba msaada wa wanamaji wa Uingereza, jambo chungu kwa nchi iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Nyerere akalivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likichukua vijana wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU.

Severus na Nyerere hawakufanana kwa lolote la tabia. Walifanana kwa tatizo: kila mmoja alikuta jeshi lililogundua kwamba linaweza kuitikisa serikali, na kila mmoja akalivunja na kujenga jingine. Tofauti iko kwenye gundi waliyotumia. Severus aliwafunga askari wake kwa fedha, na ndani ya karne hiyo Roma ikawa na watawala zaidi ya 20 waliopandishwa na kuangushwa na majeshi kati ya mwaka 235 na 284. Nyerere alitumia siasa: askari awe raia mwenye itikadi na chama. Njia hiyo nayo ilikuwa na gharama, kwani jeshi na chama vilishikana mpaka mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Lakini Tanzania haijawahi kutawaliwa na serikali ya kijeshi. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa nini dawa mbili za ugonjwa mmoja zilileta matokeo tofauti, amefanya kazi ya mwanahistoria, na hakumtukana mtu.

Nikupe mfano mwingine, huu wa Kaisari mwema, maana orodha za mtandaoni humsahau. Trajan alisifiwa na Seneti yenyewe kuwa mtawala bora. Karibu mwaka 110, gavana wake Pliny alimwandikia kutoka eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Uturuki. Moto mkubwa ulikuwa umeunguza nyumba nyingi katika mji wa Nicomedia pamoja na majengo mawili ya umma. Watu walisimama wakitazama. Hapakuwa na pampu wala hata ndoo. Pliny akaomba ruhusa ya kuunda kikosi cha zimamoto cha mafundi 150 tu, akaahidi kuwachagua kwa uangalifu na kuwachunga. Trajan akakataa. Alijibu kwamba watu wanaokusanywa pamoja, kwa jina lolote na kwa sababu yoyote, baada ya muda mfupi hugeuka chama cha siasa, na kwamba miji ile ilikwisha kusumbuliwa na vikundi vya namna hiyo. Pelekeni vifaa, akaagiza, na wenye nyumba wajizimie wenyewe, wakihitaji msaada wauite umati.

Nimezisoma barua hizo mbili miaka mingi na bado zinanishtua. Huyu hakuwa mwendawazimu wala katili. Alikuwa mtu mpole, mwenye akili, anayejibu barua za magavana wake moja moja, na bado alikuwa tayari mji uungue kuliko mafundi 150 wawe na mkutano wao. Hofu hiyo ilitoka kwenye kiti alichokalia. Ukiwauliza vijana wako ni wapi leo ushirika wa wakulima, chama cha wanafunzi au asasi ndogo ya maji hutazamwa kwa jicho hilohilo, hawatakosa mifano, na watagundua kwamba anayeogopa vikundi vya raia si lazima awe Nero.

Yupo pia kiongozi wa zama za karibu ambaye hatuhitaji kumfananisha sisi, kwa kuwa alijifananisha mwenyewe. Benito Mussolini alijiona Augustus mpya. Alibomoa nyumba zilizolizunguka kaburi la Augustus mjini Roma, na mwaka 1937 akafungua maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 2,000 tangu Augustus azaliwe. Kwenye barabara mpya aliyoipitisha katikati ya magofu, ziliwekwa ramani nne za marumaru zikionyesha dola ya Roma ikikua. Mwaka 1936 ikaongezwa ya tano: dola ya Kifashisti, Ethiopia ikiwa ndani yake. Kulinganisha huku hakukuwa mchezo wa wasomi. Ethiopia ilivamiwa tarehe 3 Oktoba 1935 na kumwagiwa gesi ya sumu, na mnara wa kale wa Aksum wenye urefu wa mita 24 hivi ukachukuliwa mwaka 1937 na kusimamishwa Roma, kama makaisari walivyochukua minara ya Misri. Ulirudishwa mwaka 2005, ingawa Italia ilikuwa imekubali kuurudisha katika mkataba wa mwaka 1947. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka nchi zetu walikuwa miongoni mwa walioiangusha dola hiyo mwaka 1941. Huenda baadhi ya wanafunzi wako wana babu wa babu aliyekuwepo.

Mussolini alikosea mahali pamoja muhimu. Augustus alikufa kitandani akiwa na miaka 75, kwa sababu hapakuwa na mtu wala chombo cha kumwondoa. Mussolini alikuwa na mfalme juu yake na baraza kuu la chama kando yake. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai 1943 baraza hilo lilipiga kura dhidi yake, na siku hiyohiyo mfalme akamwondoa na kuamuru akamatwe. Sare na ramani za marumaru zilikuwa za Kirumi, lakini kwenye katiba ulibaki mlango wa kumtolea.

Na Waafrika walikuwa na maoni yao kuhusu Augustus tangu yeye mwenyewe akiwa hai. Wakushi wa Sudan ya leo, wakati wa malkia wao Amanirenas, waliivamia Misri ya Kirumi karibu mwaka 25 KK na kuondoka na sanamu zake. Kichwa cha shaba cha mojawapo, macho ya kioo na jiwe yakiwa bado mahali pake, kilifukuliwa Meroe mwaka 1910. Kilikuwa kimezikwa chini ya ngazi za hekalu, ili kila anayeingia amkanyage.

Sasa turudi kwa rais uliye naye kichwani. Sijui ni nani, na sihitaji kujua. Ningekuomba uache kumtazama usoni, ujiulize: akitaka kuondoka leo, anaweza kuondoka na kuishi salama kama mstaafu? Roma hilo lilikuwa karibu haliwezekani. Diocletian ndiye mfano mashuhuri wa aliyejiuzulu kwa hiari, mwaka 305, naye alizeeka akiona mfumo aliouacha ukisambaratika, na baada yake mkewe na binti yake waliuawa. Anayeogopa kustaafu huwa hatari hata akiwa na roho nzuri. Jiulize pia nani anawalipa walinzi wake na nani anaweza kuwapandisha vyeo bila yeye. Chombo gani kimewahi kumkatalia jambo na kikabaki hai. Na habari zake unazozijua zimetoka kwa waliofaidika naye, kwa walioumizwa naye, au kwa watu ambao hawakuwahi kumwona. Ukimaliza, huenda ukamwona ni mbaya kuliko ulivyodhani, au si mbaya kiasi hicho. Kwa vyovyote, utakuwa na hoja.

Kuhusu mdahalo, mada yenu ilivyo sasa inawasukuma vijana kwenye majina ya watu. Ningeibadilisha iwe: "Vyombo vinavyomzuia kiongozi wa leo vina nguvu kuliko vilivyokuwepo Roma ya makaisari." Kila upande una la kusema. Sharti langu lingekuwa moja: kila hoja ilete tukio moja la Roma lenye mwaka wake, na tukio moja la zama zetu linalothibitishwa na hotuba, sheria au ripoti ya ukaguzi, na msemaji aeleze pia mahali ambapo mfanano unaishia. Mpe alama nyingi anayeeleza mahali hapo.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Vijana wakitaka kumtaja kiongozi aliye madarakani katika nchi yenu, kaa na mkuu wa shule ana kwa ana kabla ya siku ya mdahalo, msielewane kwa kudhani. Wakitaka kurekodi video na kuiweka mtandaoni, usiruhusu kabla ya kuzungumza na wakili anayeijua sheria ya kwenu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina ya kwake ya mwaka 2018, na anayeweza kujikuta matatani ni mwanafunzi wako, si mimi niliyekushauri nikiwa mbali. Na kama darasani kuna mtoto ambaye familia yake ilikimbia utawala fulani, iwe Burundi, Kongo au kwingineko, mwite pembeni mapema umweleze mada itakavyokuwa. Mwache achague kuzungumza au kusikiliza. Ukiona imemgusa kuliko ulivyotarajia, mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi badala ya kumaliza naye wewe peke yako.

Umeniuliza uanzie wapi. Anza na zile barua mbili za Pliny na Trajan. Zote kwa pamoja ni fupi kuliko jibu hili. Wagawe vijana, nusu wawe gavana na nusu wawe Kaisari, wabishane kuhusu mafundi 150 kabla ya kuwaambia Trajan aliamua nini. Nero anaweza kusubiri kipindi cha pili.